Land Rover ya marehemu mzee imedondosha propela mlima wa Newala. Tuongee nati

Mjukuu wa Shangani (Mtwara)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Nina Land Rover 109, Series III ya 1974, aliyoiacha marehemu baba. Ilikaa chini ya mkorosho miaka sita, kuku wanatagia kiti cha nyuma, mpaka mwaka jana nilipoamua kuifufua. Injini inawaka, breki zinashika, giaboksi inalalamika lakini inakwenda. Nilidhani nimemaliza kazi.

Jumamosi tulikuwa tunatoka Masasi, mimi na mtoto wa shangazi, tukakatiza Newala kumwona bibi. Katikati ya mlima wa kupandia uwandani nikasikia kitu kinagonga chini, kama mtu anatwanga sufuria kwa mchi. Sijakanyaga hata klachi, ukatoka mlio mmoja mkubwa, halafu gari ikawa inanguruma tu haiendi. Navuta hendibreki, haishiki. Gari inarudi nyuma! Nikaegemea breki ya mguu kwa nguvu zote, dogo akaruka nje na jiwe akalisukumiza chini ya tairi.

Kuchungulia, propela ya nyuma, ile fito inayopeleka mzunguko wa giaboksi kwenye magurudumu, imechomoka upande wa difu, inaning'inia upande wa giaboksi. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya mzee: hendibreki ya gari hii haishiki magurudumu, inashika ngoma iliyo nyuma ya giaboksi. Propela ikitoka, ulichovuta ni mkono wa bure.

Tulirudi nyuma kwa miguu tukaokota nati mbili na washa moja ya springi. Bolti moja ilikatika, mbili zilibaki kwenye flanji (sahani ya kufungia propela) ya difu zimelambwa meno, ya nne hatukuiona. Ikabidi tuifungue propela yote, nibonyeze kile kitufe cha njano gari ivutwe na magurudumu ya mbele, turudi nyumbani hivyo. Sasa kitendawili kiko hapa. Upande wa giaboksi spana kumi na nne haikuingia kabisa, kumi na tano ikawa inacheza. Tulizungusha nati mbili mpaka zikawa duara kama shanga, tukamalizia na vaisgripu, saa mbili nzima juani. Lakini nati nilizookota, za upande wa difu, nimejaribu leo nyumbani: kumi na nne inakaa kama imezaliwa nayo. Propela moja, gari moja. Inakuwaje?

Upande wa difu ulifungwa na fundi mmoja hapa mjini miezi mitatu nyuma, akaweka na washa za springi, akakaza mbele yangu mpaka mishipa ikamtoka. Simlaumu, mimi mwenyewe niliona kazi nzuri.

Naomba msaada: nati gani zinafaa hapa? Na nikiwa chini ya gari hivyo hivyo, nibadilishe wapi kwingine? Kuna stadi (bolti za kushikilia) za eksozi zimekula kutu, na kuna hadiwea moja karibu na bandari nimeona bolti za stenlesi zinang'aa, natamani nifunge gari zima.

---

Kangomba Mstaafu (Tandahimba)

Mkuu pole. Hendibreki ya mkono wa bure nimeipenda. Mimi nina Bajaji tu, naketi hapa na sahani yangu ya ming'oko nasubiri wazee waje.

---

Mzee wa Mnazi Mmoja (Lindi)

Marahaba mwanangu. Mshukuruni Mungu, nimewahi kuona propela ikichomoka upande wa mbele, ikachimba barabara na gari likanyanyuka.

Kitendawili chako hakina uganga. Hizo nati zilizokaa kumi na nne si za Land Rover. Ni za gari la Kijapani, M10 (ya bolti nene milimita 10), jino kwa jino milimita 1.25. Wajapani nati yao ya M10 wanaifanyia kichwa cha milimita 14. Flanji ya propela ya Land Rover inatumia bolti ya inchi 3/8, meno ya UNF (meno membamba ya vipimo vya inchi), na nati yake inataka spana ya inchi 9/16, ambayo ni milimita 14.29. Ndiyo maana kumi na nne iligoma na kumi na tano ikacheza. Spana yake ipo, ila wewe huna.

Sasa sikiliza jinsi fundi wako alivyodanganywa. Inchi 3/8 ni milimita 9.5, M10 ni kumi. Nati ya M10 inaivaa bolti ile kwa ulegevu, kwa hiyo inaanza vizuri. Lakini bolti ina meno 24 kwa inchi, yaani jino kwa jino ni kama milimita 1.06. Nati ina 1.25. Raundi ya kwanza wanaelewana, ya pili wananuniana, ya tatu meno yanapandana na nati inakwama. Fundi mkononi anasikia ugumu, anasema imekaza. Haijakaza kitu. Ugumu ule wote ni wa nati kugombana na bolti, flanji mbili hazijabanwa hata kidogo. Ukizidi kuvuta, ncha za meno zinalala, na ndiyo hayo meno uliyosema yamelambwa. Bolti ilishalewa siku ile ile ilipofungwa, wewe uliendesha miezi mitatu kwa huruma ya Mungu.

Kanuni yangu tangu nikiwa kijana wa kushika tochi: nati iingie kwa vidole. Ikihitaji spana kabla haijagusa chuma inachobana, itoe, uangalie. Nati ya plastiki tu, ile ya chuma yenye pete ya plastiki mdomoni, ndiyo ina ruhusa kugoma, nayo igome pale bolti inapofika kwenye plastiki, si kabla.

Magari ya Kiingereza ya umri huo yana fitina ya ziada, yamechanganya. Joseph Whitworth aliweka vipimo vya meno yake (BSW) 1841, pembe ya jino digrii 55, akaja mdogo wake BSF mwenye meno membamba. Baada ya vita Wamarekani, Waingereza na Wakanada wakakubaliana UNF na ya meno manene, UNC, digrii 60. Land Rover haikuhama siku moja, ilihama chumba kimoja kimoja. Series I imejaa BSF, yako ya 1974 nyingi ni UNF lakini usishangae kukuta BSF imejificha mahali. Tena zinafanana kwa hila: 3/8 BSF ina meno 20, 3/8 UNF ina 24, unene ni ule ule. Na BSW na UNC ya 3/8 zote zina meno 16, zinaingiliana kabisa, ila pembe ya jino haifanani, zinagusana sehemu ndogo. Tafuta geji ya meno, vile vijisu vidogo kama chanuo. Ni kitu rahisi, kinakaa mfukoni. Angalia pia ubavu wa nati: ukiona viduara vidogo vimeshikana mstari, hiyo ni ya familia ya UNF. Bolti za UNF nyingine zina kishimo cha duara juu ya kichwa.

Kwenye propela weka nati mpya za plastiki za 3/8 UNF pamoja na bolti zake mpya, zote nane, mbele ya difu na nyuma ya giaboksi. Ukaze Nm 47. Jioni nitaendelea, naitwa msikitini.

---

Chuma Chakavu (Masasi)

Mzee nakuheshimu lakini kwenye meno nakubali, kwenye plastiki nakataa. Nafunga malori tangu zamani, washa ya springi haijawahi kuniangusha. Plastiki ni ya wazungu wa lami. Kwa vumbi letu na mitikisiko ya Tunduru ya enzi zile, ungeweka plastiki ingekuwa unga. Tatizo la kijana ni nati ya M10, washa haina kosa.

---

Mjukuu wa Shangani

Mzee umenifumbua macho. Nimeenda sasa hivi na tochi, nati zilizobaki upande wa giaboksi kweli zina viduara vimeshikana ubavuni! Nimeziangalia mwaka mzima sijawahi kuziona.

Kuhusu washa, mimi pia nimekua nikijua washa ya springi ndiyo kufuli yenyewe. Chuma Chakavu ana hoja au?

---

Mzee wa Mnazi Mmoja

Chuma Chakavu ni fundi, simdharau. Lakini hebu tulipime jambo lenyewe.

Kinachozuia nati isifunguke ni bolti kuvutwa. Ukikaza, bolti inarefuka kidogo mno, kama springi ngumu, na inataka kurudi. Huo mvuto ndio unaobana flanji. Mradi flanji hazitelezi, nati haina sababu ya kuzunguka. Zikianza kutelezeana kushoto kulia, hata kwa unywele, msuguano unapungua na nati inajifungua yenyewe taratibu. Kuna Mjerumani, Gerhard Junker, alilionyesha hilo 1969 kwa mashine inayotikisa bolti kwa ubavu. Kabla yake watu walidhani ni mtikisiko wa juu chini. Ni wa ubavu. Propela kazi yake ni nini? Kusokota flanji kwa ubavu, kila unapoachia klachi.

Sasa washa ya springi: itazame ukiwa unakaza. Inalala bapa mapema sana, nati haijafika hata robo ya ukazo wake. Kuanzia hapo ni washa ya kawaida tu yenye ufa. Ulipoegemea spana, Chuma Chakavu, kilichokushikia malori yako ni mkono wako mzuri, washa ilipewa sifa za bure.

Sisemi mtupe. Land Rover yenyewe ilitoka kiwandani na washa za springi sehemu nyingi, kwenye kava na vibano vya nyaya, na huko zibaki. Ila usiipe dhamana ya propela, stelingi wala breki.

Na la plastiki kuwa unga, adui wake ni joto, vumbi halimfanyi kitu. Plastiki ile inavumilia mpaka kama nyuzi 120. Chini ya gari kwenye propela hufiki huko. Kwenye eksozi ukiiweka itayeyuka siku ya kwanza.

Mambo mawili watu wanakosea. Bolti lazima itokeze juu ya plastiki meno mawili matatu. Ikiishia ndani, plastiki haijashika kitu. La pili, nati ya plastiki iliyokwisha kufunguliwa, ukiona inazunguka kwa vidole mpaka mwisho, imekuwa nati ya kawaida. Kwenye propela mimi sirudii hata mara moja. Nati ni senti, propela ni shingo.

---

Chuma Chakavu

Nimekaa kimya nafikiri. Hilo la washa kulala bapa mapema nimelijaribu kwenye meza hapa gereji, ni kweli. Sikuwahi kuliangalia kwa jicho hilo.

Ila nati mbili mnazipa nafasi? Lori la zamani ukifunga nati mbili zikabanana, haifunguki.

---

Mzee wa Mnazi Mmoja

Nafasi zipo, ila wengi wanazipanga kinyume. Kama moja ni nyembamba na moja nene, nyembamba inakaa chini, ndiyo inayogusa chuma. Nene inakuja juu. Unakaza nyembamba kiasi, halafu unaishika kwa spana isizunguke na kuipandishia nene kwa ukazo kamili. Ile ya juu ndiyo inayobeba mzigo mwishoni, kwa hiyo ndiyo iwe nene. Mafundi tisa kati ya kumi nawaona wanaweka nyembamba juu kwa sababu inapendeza.

---

Dada Nanga (Mikindani)

Salaam wote. Mzee shikamoo. Mimi ni fundi wa injini za boti, naomba nizungumzie stenlesi kabla Mjukuu hajafika hadiweani.

Stenlesi inayouzwa sana ina alama A2-70 kichwani. Hiyo 70 maana yake inakatika kwenye megapascal 700. Bolti ya chuma ya daraja la 8.8 inakatika 800. Tofauti kubwa iko kabla ya kukatika: 8.8 inaanza kunyooka bila kurudi ikifika 640, stenlesi hiyo 450 tu. Kwa hiyo ukiikaza kwa ukazo wa 8.8 inanyooka kama ubuyu wa mtoto. Usiiweke kwenye propela, springi, breki wala stelingi. Kung'aa si nguvu.

Halafu inang'ang'ania. Nati ya stenlesi kwenye bolti ya stenlesi, ukiizungusha haraka na kavu, meno yanashikana ghafla katikati na haiendi mbele wala nyuma. Dawa ni msumeno. Kwenye boti napaka grisi ya kuzuia kushikana kila bolti, nazungusha polepole kwa mkono, mashine ya umeme haigusi.

Kubwa zaidi ni bodi yako. Land Rover ina bodi ya aluminiamu, Waingereza baada ya vita chuma cha bati kilikuwa cha mgawo. Sisi tuko ufukweni, upepo wa Msangamkuu ni chumvi tupu. Chumvi ikilowanisha bolti ya chuma iliyogusa aluminiamu, panakuwa na kabetri kadogo, na anayeliwa ni aluminiamu. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua. Ukiweka stenlesi ndiyo unaharakisha. Mimi kwenye bodi ningeweka bolti zilizopakwa zinki, chini yake washa ya plastiki au ya mpira, na grisi au rangi tundu lote kabla ya kufunga. Ukipenda sana stenlesi, basi kwenye bango la namba, na uitenge hivyo hivyo.

Wenzako wa Newala na Masasi wanaweza wasijali sana, huko hewa ni kavu. Gari la Shangani linaoza kwa njia yake.

---

Kangomba Mstaafu

Kunyooka kama ubuyu wa mtoto 😂 Dada Nanga, hiyo ni megapascal ngapi?

---

Peugeot Haifi (Lindi mjini)

Mimi naongea na 504 yangu tu, ni M na spana za milimita toka mwanzo hadi mwisho, nawahurumia ndugu zangu wa inchi. Lakini eksozi haichagui kabila.

Stadi zilizooza usizikurupukie na spana. Nilikata mbili hivyo, nikaishia kwa mkerezaji kuzitoboa. Sasa nafanya hivi: jioni napaka mafuta ya kupenya kutu, asubuhi tena, naigonga stadi kichwani kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, kisha nawasha injini ipashe, nazima, nasubiri ipoe kiasi cha kushikika ndiyo nijaribu. Na naanza kwa kukaza kidogo. Ndiyo, kukaza. Ukisikia 'tik', kutu imeachia, unarudi nyuma robo, mbele robo, mpaka itoke.

Kurudishia, weka nati za shaba ya njano. Shaba haiozi pamoja na chuma, kwa hiyo miaka mitano ijayo itafunguka. Ukipata zile za chuma zilizopakwa shaba na kubinywa kidogo mdomoni ili zishike, nazo safi, hazina plastiki ya kuyeyuka. Gundi ya nati usiipeleke huko.

---

Mjukuu wa Shangani

Naandika kila kitu kwenye daftari la mzee, lile alilokuwa anaandika mafuta na maili.

Swali lingine. Nimeangalia stelingi, mwisho mmoja wa tairodi (fito ya stelingi) una nati ya taji, yenye mitaro juu, na mahali pa koti pini, ile pini ya miguu miwili ya kuzuia nati isizunguke, pamepigwa msumari umekunjwa. Mwingine una waya wa kufungia uzio. Mzee wangu asingefanya hivi, nadhani ni waliokuja baadaye. Vina ubaya?

---

Mzee wa Mnazi Mmoja

Msumari ni mgumu, ukishakunjwa unaweza kukatika. Waya ni laini, unalika. Vitoe leo, usingoje kesho. Koti pini ni laini kwa makusudi lakini imejaza tundu lake, haichezi. Chagua nene inayoingia kwa kusukuma kidogo, mguu mmoja ukunje juu ya ncha ya bolti, mwingine chini ubavuni mwa nati. Kila ukifungua, weka mpya.

Na tundu lisipolingana na mtaro wa taji, usirudishe nati nyuma. Songa mbele mpaka mtaro unaofuata. Beringi za magurudumu ndizo pekee kinyume, pale kuna uhuru unaotakiwa, ukikaza kupita beringi inaungua. Zako za 109 hazina hata taji: kuna nati mbili kubwa, na katikati yake washa ya bati inayokunjwa juu ya ubavu wa nati. Inataka boksi spana ya milimita 52. Nimeona watu wanazizungusha kwa tindo na nyundo, nati imejaa makovu kama mgonjwa wa ndui. Hiyo washa ya bati ikikunjwa mara ya pili mahali pale pale inapasuka, nayo badilisha.

---

Chuma Chakavu

Naongeza langu moja ili na mimi nitoke na heshima. Yu-bolti za springi, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Kijana atazifunga gari likiwa juu ya jeki, tupu. Ashushe gari, apakie mzigo, magunia mawili matatu ya korosho, aendeshe kidogo, akaze tena. Springi zinakaa upya zikibeba. Wengi hawarudi kukaza, wanakuja kwangu springi imekatika katikati kwenye tundu la senta bolti, wanasema springi mbovu.

---

Dada Nanga

Kweli kabisa hiyo.

Na Mjukuu, ukinunua bolti angalia kichwa. Za UNF za nguvu ya kawaida zina mistari mitatu, za nguvu zaidi mistari sita. Za milimita zina namba 8.8 au 10.9. Lakini namba peke yake haitoshi, lazima iwe na alama ya kiwanda kilichoitengeneza. Ukiona 8.8 tupu haina mwenyewe, irudishe kwenye ndoo. Bolti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia kitanda.

Gundi ya nati, kwa kuwa hajauliza mtu: ya bluu inafunguka kwa spana, nyekundu mpaka uipashe moto mkali. Zote zinakauka zikikosa hewa kati ya chuma na chuma, kwa hiyo zioshe bolti kwa petroli safi zikauke kwanza. Na mzee atanisahihisha, lakini kwa giaboksi inayovuja namna ya Land Rover, gundi juu ya mafuta ni sawa na kubandika plasta kwenye mgongo uliolowa jasho.

---

Mzee wa Mnazi Mmoja

Sina la kusahihisha. Ila nitie neno la torki renchi, spana inayopima ukazo. Ule ukazo wa Nm 47 ni wa meno makavu safi. Ukiyapaka mafuta au grisi, nati inateleza zaidi, bolti inavutwa kuliko ulivyodhani kwa namba ile ile. Watu wanapaka grisi, wanakaza mpaka namba ya kitabu, bolti inaanza kunyooka, halafu wanasema bolti za siku hizi feki. Nyingine ni feki kweli, lakini nyingine tumeziua sisi.

---

Peugeot Haifi

Na spana za inchi atazipata wapi? Mtwara nimezunguka enzi namtafutia shemeji yangu, nikaambulia 1/2 na 3/4 tu.

---

Mjukuu wa Shangani

Nimempata mtu Dar, anahangaika Gerezani kwa niaba yangu. Mara ya kwanza alinitumia picha ya nati za plastiki, nzuri, nikamwambia apime. M10. Nikamwambia achukue bolti yangu ya mfano niliyompelekea na basi, aiingize kwa vidole kila nati dukani. Muuzaji alimkasirikia, lakini nati ya nne au ya tano ikaingia mpaka kwenye plastiki ikasimama. Amechukua kumi na sita, zangu na akiba.

---

Kangomba Mstaafu

Kumi na sita! Akiba ya harusi?

---

Mjukuu wa Shangani

Mrejesho wakuu, samahani nimekawia, msimu umeanza na kila mtu anataka gari la kubebea gunia.

Mzigo ulifika na basi la usiku. Nimefunga propela ya nyuma, nane zote mpya. Zilizunguka kwa vidole, zikafika kwenye plastiki, zikagoma, moyo wangu ukatulia. Dada Nanga kaniazima torki renchi yake, na spana ya 9/16 aliyokuwa nayo kumbe ni ya injini moja ya zamani ya boti. Alinisimamia mwenyewe. Alinikuta nimepaka bolti grisi kwa mazoea, akanivua bolti mkononi akaziosha kwa petroli bila kusema neno. Meno matatu yamechungulia juu ya kila nati, nimeyahesabu.

Msumari na waya nimevitoa, koti pini mpya zimeingia. Eksozi nimefuata njia ya Peugeot Haifi, stadi tano zimetoka, ya sita imekatika, iko kwa mkerezaji. Stenlesi sikununua, isipokuwa mbili za bango la namba, na washa za mpira nimekata kwenye tyubu ya baiskeli.

Dada alinifundisha kitu kingine. Baada ya kukaza, nichore mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye flanji. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unavunjika na unaona kwa tochi bila kushika spana. Nikachora nane za nyuma, na kwa kuwa rangi ilibaki, nikachora na za propela ya mbele ambazo sijazigusa.

Jana nimekwenda Nanyamba na kurudi, nimepakia magunia manne, yu-bolti nimezikaza tena njiani, Chuma Chakavu asante, zilikubali karibu robo raundi. Kufika nyumbani nikalala chini na tochi. Nyuma mistari yote minane imenyooka kama nilivyoichora.

Mbele, mmoja umevunjika. Nimejaribu spana kumi na nne. Imeingia.

Dada Nanga, ile 9/16 naomba unibakishie wiki moja zaidi.